Pemba juu ya Barua ya Macho-Ine

Mama yake Mukalay alikuwa anakufa, na safu yote ya nyumba zao kule Musonoi ilijua. Tumbo limevimba, miguu imekauka kama kuni. Daktari wa kampuni ya madini alimwangalia mara moja, akaacha chupa ya dawa ya maumivu, akasema wampe chochote anachotaka kula. Maneno kama hayo hayahitaji mtu wa kuyafafanua.

Lakini mama hakutaka kula. Alimtaka Kalombo.

Kalombo ndiye mzaliwa wake wa kwanza. Kwao, katika kijiji cha Mwenze ng'ambo ya Lualaba, mzaliwa wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza katika kaburi la mama. Akitupa mwingine, watu huondoka pale wakinong'ona kwamba mwanamke yule hakuzaa vizuri. Na Kalombo hakuwepo. Serikali ya Wabelgiji ilikuwa imemfukuza kwa sababu ya dini ya Kitawala, inayokataa amri za wazungu na vitu vya mizimu pia, ikampeleka upande wa Kasaji, katika kambi ambako watu hulima huku polisi wakiwasimamia. Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na moja. Sasa ulikuwa mwaka wa hamsini na tano, na hakuna aliyesema atarudi lini.

“Mukalay,” mama aliuliza kila jioni mwanawe aliporudi kazini, “treni ya Kasaji inafika?”

“Inafika, mama.”

“Na yeye hakushuka?”

“Bado, mama.”

Kisha mama aligeuza uso, na Mukalay alitoka nje kunawa mikono ambayo alikuwa ameshanawa.

Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa kapita, msimamizi wa maseremala, mwenye nyumba ya kampuni, bomba la maji karibu na mlango, watoto wanaosoma kwa masista. Vitu hivyo mtu huvipata kwa kunyamaza miaka mingi, na Mukalay alikuwa amenyamaza vizuri.

Mwezi wa sita, wakati wa baridi, bosi alimpa kazi ya nje. Mzungu mmoja wa ofisi ya serikali pale Kolwezi, jina lake Delvigne, alitaka kabati la mbao za mulombwa, lenye droo nyingi, pana na zisizo na kina. Mukalay alidhani ni za vijiko na uma. Alipokwenda kupima, mzungu akamfungulia sanduku la bati, akamwonyesha karatasi.

Zilikuwa barua. Barua za wazungu wa kwanza: maofisa waliopandisha bendera ya nyota, mapadri waliofika kwa miguu, gavana mmoja, daktari mmoja aliyekufa kichaa kwa homa. Zote zimeandikwa kwa mkono. Delvigne alikuwa amezitafuta miaka mingi. Aliwaandikia wajane kule Ulaya, aliwasumbua mapadri katika misheni zao, alibadilishana na watu wenye ugonjwa kama wake. Alikuwa mtu mfupi, mwenye upara, asiye na mke, na zile karatasi alizishika jinsi mkunga anavyoshika mtoto.

“Banaandika nini ndani, Bwana?” Mukalay aliuliza.

“Huyu? Analomba sabuni na viatu.” Delvigne akacheka kidogo, kisha uso ukarudi kuwa wa kanisani. “Maneno si kintu. Angalia mukono. Mukono yake ilipita hapa, juu ya hii karatasi. Muntu alikufwa. Mukono iko.”

Mukalay akaangalia. Aliona wino wa kahawia uliofifia. Alisema moyoni kwamba mzungu huyu ana kichaa, lakini ni kichaa cha adabu.

Kazi aliifanyia barazani kwa Delvigne mwenyewe, na kila mchana mzungu alipotoka ofisini aliketi karibu na vumbi la mbao na kuongea. Hakuwa na mtu mwingine wa kumsikiliza. Siku moja akataja kapteni aliyevuka Lualaba wakati wa vile vita vya zamani, akafa kwa homa kabla ya kurudi kwao. Mwandiko wake haupatikani popote. Wenyeji walimwita Macho-Ine, yaani macho manne, kwa sababu ya miwani.

Mukalay akaacha kupiga randa.

Jina hilo alilijua tangu utoto. Macho-Ine alimkuta babu yao, Mwenze wa kwanza, akaomba mitumbwi na wabebaji, akapewa, akaacha barua. Hata maneno yake yalijulikana, maana katekista aliwahi kuyasoma mbele ya watu: huyu ni rafiki, alinisaidia, asisumbuliwe. Wazungu waliofuata walimsumbua vilevile. Walichukua vijana wake na kamba shingoni, barua ipo mkononi mwake. Hata hivyo haikutupwa. Ilikuwa imekuwa kitu cha ukoo, pamoja na shoka na kiti, na sasa ilikuwa kwa mjomba wao, ndugu wa mama, aliyerithi jina la Mwenze na uchifu wa kijiji; kwao jina hupita kwa mtoto wa dada, na mwenye jina hukaa kijijini.

Mukalay alikusanya vyombo vyake. Alikwenda nyumbani, akaulizwa habari ya treni, akajibu. Kesho yake alifika barazani kabla mzungu hajanywa kahawa.

“Bwana, ile barua ya Macho-Ine. Najua fasi iko.”

Delvigne akaweka kikombe chini. “Unanichezesha?”

“Sikuchezeshe. Iko ku yetu, kwa ndugu ya mama. Lakini sitaki franga.”

“Unataka nini?”

“Nataka yaya yangu, ndugu yangu mukubwa. Banamufunga Kasaji. Mama anakufwa, anamulilia.”

Mzungu alitembea mpaka mwisho wa baraza, akarudi. Tuseme ukweli, hakumdanganya. “Kumufungula, siwezi. Ile ni ya bakubwa ya Elisabethville. Ruhusa ya kuya kuona mama yake, juma mbili na polisi, ile naweza. Mi ndjo nasaina.”

“Inatosha.”

Jumapili Mukalay alipanda baiskeli hadi mtoni, akavuka kwa mtumbwi, baiskeli imelazwa katikati kama mgonjwa. Alimkuta mjomba nje ya nyumba, anachonga mpini wa jembe.

“Ee! Muzungu ya Musonoi anakuya,” mzee alisema bila kusimama. “Banakufukuza kazi? Ao unakumbuka kama uko na bandugu?”

“Tata, niache nipumue kwanza.”

“Pumua, pumua. Nasikia ku kampuni banapima mpaka pumuzi.”

Mukalay akacheka kwa heshima, kisha akamwambia habari za mama. Mzee akaweka chini kisu. Alikuwa ndugu yake wa tumbo moja.

“Analia Kalombo?”

“Kila mangaribi.”

Ndipo Mukalay akaeleza habari za mzungu na kabati na ruhusa, yote, bila kupunguza. Alitegemea kutukanwa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, huku kuku wakichakura vipande vya mti miguuni pake.

“Barua si yangu,” alisema hatimaye. “Mi ninaichunga tu. Nikikufwa, Kalombo ndjo Mwenze. Kwa hiyo ni kintu yake. Kama kintu yake inaweza kumutosha mu shida, kumutoa kule, itoke.”

Akaingia ndani, akatoka na ngozi ya kanu iliyofungwa kwa kamba. Alipoifungua, Mukalay hakuona karatasi. Aliona bamba jeupe, nene kama mkate wa masista, lenye nyufa.

“Ni pemba,” mzee alisema kwa fahari. “Kila mwezi mupya naipakaa. Sikuacha hata moja.”

Pemba ni ule udongo mweupe wa baraka. Kwao mtoto mchanga hupakwa, na mwindaji aliyerudi salama hupakwa, na barua ile, kwa kuwa ilikuwa kitu cha wafu, ilipakwa. Mwenze mpya anapoingia katika jina, anaitoa pemba yote ya aliyemtangulia kwa mikono yake, karatasi inabaki uchi siku moja, watu wanaiona, kisha anaanza kupaka yake. Mjomba alikuwa ameingia katika jina Mukalay akiwa bado mtoto wa kubebwa. Katekista aliisoma siku ile ile. Tangu hapo haikuonekana tena.

“Tata, ule muzungu anataka kuona mukono ya Macho-Ine.”

“Ataiona. Kalombo akifika, aitoshe pemba mbele yake. Aingie mu jina siku ile, mi nazeeka, sina maneno.” Mzee akainua kidole. “Lakini Kalombo tu. Ule anaitosha ndjo anaingia. Mwingine asitie hata lukucha. Unasikia?”

“Nasikia, Tata.”

Wakafunga ngozi. Wote wawili walikuwa wamesahau jambo moja, au hawakutaka kulikumbuka: ni kwa sababu gani Kalombo alifungwa.

Delvigne alipofunguliwa ngozi ile alibadilika rangi.

“Ni nini hii? Munaipakaa chokaa?”

“Ni pemba, Bwana. Barua iko ndani.”

“Munaiua!” Akapeleka kucha kwenye ukingo wa lile bamba, na Mukalay akamshika mkono. Hakuwahi kumshika mzungu mkono maishani mwake. Wote wawili waliuangalia ule mkono kana kwamba ni wa mtu wa tatu.

“Yaya kwanza,” Mukalay alisema. “Yeye tu ndjo anaitosha.”

Delvigne hakupiga kelele. Aliketi, akafuta upara kwa leso. Siku ile ile alituma telegramu.

Kasaji si mbali kwa treni, lakini karatasi za serikali hutembea polepole. Kabati lilikaribia kwisha. Mama aliacha kuuliza habari ya treni. Alikuwa anaangalia mlango tu, na hilo lilikuwa baya kuliko maswali.

Kalombo alifika siku ya Jumanne, amefuatana na polisi, na polisi alikuwa na amri ya kumpeleka kwanza kwa Delvigne. Mukalay alimwona akipanda ngazi za baraza. Nywele zilikuwa nyeupe pembeni. Shingo ilikuwa imebaki mishipa tu.

“Mama eko muzima?”

“Eko, yaya. Lakini tufanye mbio.”

“Basi tuende.”

“Kwanza hii.” Mukalay akafungua ngozi juu ya meza. Kando yake ilikuwa ruhusa, imeshapigwa chapa, inangoja sahihi, na kalamu juu yake. Akamweleza kaka yake maneno ya mjomba, kwa haraka, nusu nusu.

Kalombo akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa nguzo.

“Hapana.”

“Yaya...”

“Ninasema hapana. Bintu ya namna hii niliacha. Juu ya kuikatala ndjo nilikamata jembe ya serikali hii myaka yote.”

“Ni bulongo, yaya! Bulongo nyeupe tu!”

“Kama ni bulongo tu, juu ya nini Tata Mwenze anakukataza kuigusa?”

Delvigne, aliyekuwa amesimama mlangoni akijaribu kufuata maneno, akasogea mbele. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayeogopa kunyimwa.

“Bon. Hakuna barua, hakuna ruhusa. Anarudi na treni ya kesho.”

“Kalombo,” Mukalay alisema, “mama anaangalia mulango. Hakule. Hasemi tena. Gusa hii kintu, omba Mungu wako akusamehe, tuende.”

“Mama ananijua.”

“Mama hayui Kitawala! Anajua tumbo yake! Uko na roho ya jiwe, weye!”

“Na weye uko na roho ya kapita. Muzungu akikohoa, unasimama.”

Polisi akatazama bustani. Mukalay alisimama pale akiwa na vumbi la mbao mikononi, na neno lile likamwingia mpaka chini, kwa sababu lilikuwa la kweli. Alimwangalia kaka yake. Mtu huyu hakuwa anacheza. Walikuwa wamemnyang'anya mke, shamba, nywele nyeusi, na bado alikuwa na kitu kimoja mkononi, nao sasa walikuwa wanamwambia akiweke mezani. Angekataa. Angepanda treni ya kesho akilia, na angekataa.

Mukalay akaenda kwenye sanduku lake la vyombo, akatoa patasi pana kuliko zote.

“Mukalay,” Kalombo alisema, na sauti ilikuwa nyingine. “Weye si...”

“Mi najua mi si nani.”

Akalaza chuma, akasukuma, kama anavyotoa gundi kuukuu kwenye mbao. Pemba ya juu ilitoka kirahisi, magamba makubwa makavu yakamwangukia magotini. Akasukuma tena. Hapo akaelewa. Kule chini udongo na wino vilikuwa vimeshikana muda mrefu mno. Kila gamba lilipotoka lilikuwa na neno tumboni mwake, la kahawia, limegeuka nyuma mbele, na pale lilipotoka karatasi ilibaki tupu.

“Polepole!” Delvigne alikuwa amepiga magoti. “Polepole, Mukalay, nakulomba!”

Alikwenda polepole. Haikusaidia. Mstari baada ya mstari uliondoka. Urafiki uliondoka, mitumbwi ikaondoka, na lile ombi la kwamba mtu asisumbuliwe likawa unga kwenye suruali ya seremala. Kona ya chini tu ndiyo ilikuwa imekunjwa tangu zamani, na pemba haikuingia katika mkunjo. Mukalay alipoikunjua kwa ncha ya kidole, jina la kapteni lilikuwepo, zima, na mkia mrefu wa wino chini yake.

Delvigne alilisogelea jina lile mpaka pumzi yake ikatikisa karatasi. Machozi yalikuwa yanamtoka, na Mukalay hakujua kama ni ya furaha au ya msiba. Pengine mwenyewe hakujua. Kisha akasimama, akasaini ruhusa, akarudi kupiga magoti kuokota magamba.

Ndugu wawili walikwenda Musonoi kwa miguu ya haraka, polisi anahema nyuma yao.

Mama alimtambua Kalombo kabla hajainama mlangoni. Akanyoosha mkono, akampapasa kichwa, masikio, mifupa ya mabega.

“Banakupunguza,” alisema. “Nilizaa muntu mukubwa, banarudisha nusu.”

“Ndjo mi, mama.”

“Kaa. Usiende kukojoa hata.”

Kalombo akakaa. Jioni ile mama alikunywa uji, na kesho yake pia. Wakati mwingine aliimba kidogo. Mukalay alikuwa akiwaangalia kutoka mlangoni, halafu alikwenda kazini. Juma la pili lilipokaribia kwisha mama alikufa, mchana kweupe, kichwa chake juu ya goti la mzaliwa wake wa kwanza.

Walimzika ng'ambo ya mto, kwao. Kampuni ilitoa lori mpaka kivukoni. Kalombo alitupa udongo wa kwanza, akaomba kwa Mungu wake, kwa sauti ndogo, na hakuna aliyemzuia. Wanawake walipiga kelele ya kilio, na ilikuwa kelele nzuri, ya mama aliyezaa.

Baadaye wanaume walikaa kwenye mikeka. Polisi alikuwa chini ya ukingo wa paa, anaangalia jua, maana ruhusa ilikuwa inakwisha. Mjomba alisubiri mpaka pombe imezunguka.

“Mukalay. Ile barua?”

“Iko kwa muzungu, Tata.”

“Na pemba? Nani aliitosha?”

Kalombo akafungua mdomo. Mukalay akamtangulia.

“Ni mi. Na patasi.”

Mtu mmoja wa ukoo akasema pole pole kwamba hili jambo lina adhabu yake. Mzee akamtazama Kalombo, akamtazama tena Mukalay, na uso wake haukuwa na utani hata kidogo.

“Nilikuambia nini siku ile?”

“Ulisema ule anaitosha ndjo anaingia.”

“Basi unaingia.”

“Tata, hapana. Mi nilifanya juu ya mama. Niko na kazi. Niko na batoto, banasoma ku masista. Nyumba ni ya kampuni, nikitoka...”

“Sikuulize kama uko na kazi.”

Mzee akajisogeza kwenye mkeka wake, akaacha nafasi upande wa kuume. Hakumwita. Aliiacha tu ile nafasi, akaendelea kuangalia mbele.

Mukalay akabaki amesimama. Aliiwaza nyumba ya Musonoi, ambayo ilikuwa yake kwa muda wote ambao mikono yake ingekuwa ya kampuni, wala si zaidi. Akamwaza mkewe akibeba maji kutoka mtoni. Mzee alikuwa na kikohozi. Haingechukua miaka mingi kabla hajaitwa kuhamia huku.

Polisi akasogea, akagusa bega la Kalombo. Kalombo akainuka, akachukua mfuko wake. Alipopita mbele ya mdogo wake alisimama. Jina lile lilikuwa lake, na hakulitaka, na mwingine alikuwa amelibeba ili yeye apite. Alionekana kutafuta neno, lakini dini yake haikuwa na neno la jambo hili.

“Kaa, mudogo,” alisema. “Banangoya.”

Akaenda na polisi kuelekea kivukoni, hakugeuka.

Mukalay akakaa. Mkeka ulikuwa na joto pale mzee alipotoka. Bibi mmoja wa kijiji, ambaye alimjua tangu anatambaa, akatoka katika kundi la wanawake, akapiga magoti mbele yake, akainamisha kichwa, akaanza kumpigia makofi yale ya pole pole yanayopigiwa mwenye jina. Wengine wakafuata. Mukalay aliwaangalia, na hakujua aiweke wapi mikono yake.